Chupa ya Akoth na Maji ya Mtungi

Akoth ana miezi saba sasa. Ana meno mawili ya chini na ameanza kuuma kijiko. Kidonda changu kimefunga, kovu linawasha tu mvua ikikaribia. Kwa hivyo naweza kuandika.

Nimepitia daftari langu la mwaka huu nikatoa yale yanayoweza kumfaa mtu, hasa msichana aliyekaa kwenye benchi ya hospitali na hajui amuulize nani. Mimi pia sikujua, na hata ningejua nisingeuliza. Naona haya sana. Tangu shule ya msingi, mwalimu akiuliza swali mimi naangalia viatu vyangu. Naitwa Millicent, nina miaka kumi na tisa, nimemaliza Kidato cha Nne. Kusema kunanishinda, kuandika naweza.

Nilijifungua mvua ndefu ilipoanza. Mabati ya wodi yalipigwa mpaka sista akawa anapaza sauti ndiyo nimsikie akisema sukuma. Kwetu mtoto wa kike akizaliwa mvua ikinyesha ni Akoth, kwa hivyo jina lilikuja lenyewe. Baba yake yuko Eldoret, anasomea ualimu. Alituma barua na kopo moja la maziwa ya unga, akasema anatuombea. Sitamsema zaidi ya hapo.

Siku ya tisa titi la kushoto lilianza kuuma. Upande mmoja ukawa mgumu na mwekundu, ukishika ni moto. Nilivaa sweta ya Mama juu ya nguo mbili na bado nilitetemeka.

"Una nini?" Mama aliuliza.

"Baridi."

"Baridi gani na jua hili?"

"Ya mvua ya jana."

Mama anauza omena sokoni, huondoka alfajiri, hakuwa na nafasi ya kubishana. Siku ya kumi na moja nilienda hospitali peke yangu, nikakaa foleni tangu asubuhi. Walipobaki watu watatu mbele yangu mlango ulifunguliwa, nikaona daktari wa zamu ni mwanaume, tena kijana. Nilimfunika Akoth na shali, nikainuka, nikarudi nyumbani Nyamasaria. Mama mmoja kwenye benchi aliniita, "We msichana, umebakisha kidogo tu!" Nilijifanya sijasikia.

Siku mbili baadaye nilianguka chini ya kamba ya nguo, nikabebwa hospitali. Aliyenipasua jipu la titi ni yule yule daktari kijana. Hakuniangalia usoni hata mara moja, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Nililala wodini wiki tatu. Walipomaliza la kushoto, la kulia nalo likaanza. Sista walikuwa wanamlisha Akoth kwa kikombe kidogo na kijiko, nikisikia sauti ya kijiko kikigonga kikombe nilijua ni saa ngapi. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani matiti yote mawili yalikuwa yamekauka. Moja lilikuwa na shimo lililojazwa kitambaa cha dawa, lingine limelegea tu. Nilijiangalia mara moja kwenye kioo cha choo cha wodi. Sikuangalia tena mpaka kumbikumbi walipoanza kutoka ardhini.

Kuanzia hapo wiki yangu ilikuwa na siku tatu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku za kufungwa kidonda. Siku zingine zilikuwa za kungojea hizo. Unatoka Nyamasaria mapema, unapata benchi imejaa. Ukikaa, bandeji inashikana na kidonda. Ukisimama, unapoteza nafasi yako. Sista wa vidonda alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa na tabia moja ambayo sitaisahau: alishika chupa ya maji ya chumvi kwapani kwanza, ipate joto, ndiyo aimwage. Hakusema kwa nini. Nilijua siku alipokuwa likizo na mwingine akamwaga ya baridi.

Kwenye benchi ndiko kulikuwa kugumu kuliko ndani. Akoth akilia, kila mama ana neno.

"Msichana, mtoto analia."

"Nasikia, Mama."

"Unasikia na unaangalia ukuta? Mpe titi!"

"Hana," jirani yangu alisema. Alikuwa ameona bandeji.

"Hana nini? Mungu alimnyima?"

Wakacheka. Hawakuwa na ubaya, nafikiri, walikuwa wamechoka kama mimi. Mama mmoja wa buibui alivua leso yake, akanitupia mabegani, akaendelea kutazama mbele kama hajafanya kitu. Chini ya ile leso nililia mpaka jina langu likaitwa.

Sista wa vidonda aliniambia nikitaka mtoto akae vizuri ninunue kikombe na kijiko. "Chupa ina kona, Millicent. Uchafu unapenda kona. Kikombe unakiona mpaka chini."

Nikasema ndiyo, Sista. Lakini moyoni nilikuwa nimekataa, ingawa nyumbani tulikuwa tukimlisha kwa kijiko cha chai, mlango umefungwa. Mtaani kwetu mtoto anayelishwa kwa kikombe ni yule aliyefiwa na mama. Watu wakiona kikombe wanauliza, mama yake alikufa lini? Mimi nilikuwa hai. Nilitaka kitu cha kunyonya, hata kama ni mpira, nikimshika karibu na kifua watu wapite bila kuuliza.

Jumamosi Mama alinipeleka mjini, dukani kwa mama mmoja wa Kiislamu anayeuza vitu vya watoto. Alituwekea chupa mbili juu ya meza, moja ya glasi, moja ya plastiki.

"Hii ya glasi haishiki harufu," alisema. "Lakini ikianguka, habari yake imekwisha. Hii ya plastiki ni nyepesi. Nyumbani ni nani atakayeshika?"

"Mimi, na nyanya yake huyu msichana," Mama alisema. "Mama yangu amekuja kutoka Luanda Kotieno. Mikono yake inatetemeka kidogo."

"Na sakafu?"

"Simiti."

"Basi plastiki." Akageukia kwangu. "Chuchu unataka ya tundu dogo au kubwa?"

Sikujua kama kuna tundu dogo na kubwa. Niliangalia viatu. Yule mama akaona kifua changu kilivyovimba upande mmoja kwa bandeji, akapunguza sauti.

"Ana muda gani, mwanangu?"

"Miezi miwili kasoro."

"Chukua dogo. Ukipindua chupa, maziwa yatoke tone, tone. Yakitiririka atapaliwa. Na brashi hii, yenye shingo ndefu. Bila brashi usinunue chupa, afadhali uache."

Kwenye rafu kulikuwa na ndoo nyeupe yenye mfuniko na dawa ya kutia ndani, unaloweka chupa bila kuchemsha. Niliishika. Mama akaitoa mkononi mwangu polepole akairudisha.

"Hiyo ni ya wake za madaktari," alisema.

"Moto unatosha," yule mama wa duka alisema. "Chupa izame yote ndani ya maji, yachemke dakika kumi. Lakini sufuria iwe ya mtoto peke yake. Mnayo?"

"Tunayo," Mama alisema haraka, vile unavyomwambia mtu ili muende.

Hatukuwa nayo. Nyumbani tulikuwa na sufuria ya ugali, ambayo ni pana na fupi, birika la chai, na ile ndefu ya omena. Chupa ilizama kwenye ile ya omena tu. Mama aliisugua kwa jivu, akaisugua kwa sabuni, akainusa, akasema imeisha. Tukachemsha. Nikakoroga maziwa kama kopo lilivyoandikwa, nikadondoshea mkononi, nikamwekea Akoth mdomoni. Alinyonya mara moja, akageuza uso.

Nilijaribu tena jioni, na kesho yake. Anafungua mdomo, ananyonya mara mbili, anageuka na kupiga kelele. Nilifikiri ananikataa mimi. Mtu mwenye kidonda na homa anawaza hivyo.

Dani ndiye aliyechukua chupa akaiweka puani. Dani ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kiluo. Alivuta harufu, akakunja uso.

"Mayo! Hii chupa imevuliwa ziwani kwetu," alisema. "Hata mimi ningekataa."

Mama akacheka, mimi nikacheka, kidonda kikauma. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mvua ianze.

Jumanne Mama alienda sokoni kama kawaida, mimi nikalala, kwa sababu kila nilipotoka kufungwa kidonda siku nzima inayofuata mwili ulikuwa wa mtu mwingine. Niliamka nikasikia Akoth ananyonya. Ananyonya vizuri, na ile sauti ya kumeza. Dani alikuwa amemshika akimwimbia.

"Nyakwara amekubali," alisema. Nyakwara kwa Kiluo maana yake "mjukuu wangu". Hutuita hivyo sote wawili, mimi na mtoto.

Sikuuliza amefanya nini. Niliona Jumatatu iliyofuata, nimetoka kufungwa kidonda, nikiwa nimelala uso ukielekea jikoni. Dani alitoa chupa kwenye maji yanayochemka kwa mwiko, akaisimamisha, kisha akachota maji kwenye mtungi kwa kata, akatia ndani ya chupa, akatikisa, akamwaga. Akanusa. Akatabasamu. Akatikisa mara ya pili, ndipo akatia maziwa.

Sasa niwaeleze mtungi wetu. Dani aliuleta yeye mwenyewe kutoka nyumbani, wa udongo, ameufukiza moshi ndani mpaka maji yana utamu. Kila mgeni husifu maji ya ule mtungi. Lakini miezi ile mabomba ya Nyamasaria yalikuwa makavu, tulinunua maji ya mkokoteni. Mwenye mkokoteni alisema ni ya bomba. Lakini magugumaji yalikuwa yameziba ziwa mpaka watu wanayasukuma na fimbo ndiyo wachote, na mimi niliwahi kuona vipande vya majani yake chini ya mtungi wetu, vimeoza. Sisi wakubwa tuliyanywa. Tumbo likiuma tulisema ni malaria.

Sista alikuwa ameniambia wazi: kikitoka kwenye maji ya moto, kisiguswe na kitu. Nilijua. Nilijua na nilimwona.

Hapa daftari langu ni fupi. Jumatatu: "Dani anasuuza chupa na maji ya mtungi. Nimwambie. Kesho." Jumanne: "Nimwambie kesho." Jumatano nilienda kufungwa kidonda, sikuandika. Alhamisi: "Mama akija atamwambia." Mama alikuja, amechoka, ananuka jua na samaki, nikamwekea chai.

Utauliza kwa nini. Dani aliacha kuku wake na nyumba yake kwa jirani. Aliniosha kama mtoto. Vitambaa vya kidonda changu, vyenye usaha, alivifua kwa mikono yake, hakuvaa hata mfuko wa plastiki mikononi, akavianika nyuma ya nyumba watu wasivione kwa sababu alijua naona haya. Niliwaza, mikono iliyofua usaha wangu, niiambieje kwamba inachafua? Na alikuwa na furaha sana mtoto akimeza.

Ijumaa Akoth alianza kuharisha. Mara tatu, halafu sikuhesabu. Dani akasema ni meno. Mtoto wa miezi miwili! Jumapili watu wakitoka kanisani utosi wake ulikuwa umezama, unaweza kuweka ncha ya kidole. Alikuwa analia bila machozi, kisha akawa analia bila sauti. Mdomo unafunguka tu. Hapo Mama alimnyakua akatoka mbio, mimi na Dani nyuma yake, nimeshika bandeji na mkono mmoja.

Wodi ya watoto ilijaa. Vitanda vilikuwa na watoto wawili wawili. Walimnyoa Akoth upande mmoja wa kichwa wakatafuta mshipa hapo. Walitafuta mara nne. Mara ya tano sindano ilikubali, maji yakaanza kudondoka, na mimi nikakaa sakafuni kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Tuliambiwa tungoje. Tulingoja.

Sista wa watoto alikuwa mwembamba, anaongea haraka. Alishika chupa yetu, akaifungua, akaweka jicho kama anachungulia tundu la ufunguo.

"Mnachemsha?"

"Tunachemsha," Mama alisema.

"Dakika ngapi?"

"Kumi, Sista. Kila mara."

"Baada ya kuchemsha, nini kinafuata?"

Mama akaniangalia. Mama hakujua, yeye huwa sokoni. Dani alikuwa amekaa pembeni ameshika mguu wa Akoth, Kiswahili chake ni kidogo lakini hayo alielewa. Wamama wengine watano wanasikiliza. Mgonjwa wa kitanda kile kile, mtoto wa mtu mwingine, alikuwa anapumua kwa shida, na Akoth kando yake hakuwa anasogea.

"Sista anauliza," Mama alisema.

Niliangalia viatu vyangu, vilikuwa ndala, na kimoja ni cha Dani. Tulivaa kwa haraka.

"Inasuuzwa," nilisema.

"Paza sauti."

"Inasuuzwa na maji ya mtungi. Ya mkokoteni. Hayajachemshwa. Ni kwa sababu ya harufu ya omena. Nilijua ni vibaya. Nimejua tangu Jumatatu."

Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu. Nilingoja sista agombe. Aliandika kitu kwenye karatasi ya Akoth.

"Vizuri," alisema. "Sasa najua tunapigana na nini. Chupa hii ibaki kwangu. Hapa ni kikombe."

Dani aliachilia mguu wa mtoto taratibu. Akanigeukia, akaniuliza kwa Kiluo, "Uliniona?"

"Nilikuona, Dani."

"Tangu Jumatatu."

"Ndiyo."

Alichukua leso yake akatoka nje, akakaa kwenye baraza na mgongo wake kwetu. Mama alitaka kumfuata, nikamwambia amwache, halafu nikaenda mimi. Nilisimama nyuma yake. Kidonda kilikuwa kimelowa, nilihisi maji yake yanashuka mpaka kiunoni.

"Niliogopa utakasirika," nilisema.

"Ningekasirika. Ningekasirika leo, kesho ningepika." Hakugeuka. "Ulikuwa unaogopa hasira ya siku moja, Millicent. Sasa mtoto akienda, hii nyingine nitaimaliza na miaka gani? Miaka yenyewe sina."

Nilikaa kando yake. Baada ya muda akavuta nguo yangu, akaona imelowa, akasema, "Ingia, wakufunge. Sitaki kuwazika wawili." Hakusema kwa upole.

Siku nne tulimpa Akoth maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Kijiko kimoja, unangoja, kingine. Dani mchana, mimi na Mama kwa zamu usiku. Dani hakuniongelesha, alinipokonya tu kikombe zamu yake ikifika. Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati, rangi imebanduka kwenye mpini. Hakuna mtu aliyeuliza mama yake alikufa lini. Wodi nzima ilikuwa inalisha kwa vikombe. Siku ya pili mtoto tuliyelala naye kitanda kimoja alifunikwa shuka, mama yake akachukua mfuko wake wa nguo akaondoka bila kulia. Nilimtazama mpaka mlangoni. Namwandika hapa kwa sababu sijui jina lake.

Siku ya tatu Akoth alikojoa. Kama hujakaa kwenye wodi ile hutaelewa watu wazima watatu kufurahia nepi iliyolowa. Dani aliibonyeza kwa kidole, akasema, "Imelowa kweli," akamwonyesha mama wa kitanda cha jirani, naye akaibonyeza.

Kama uko hapo nilipokuwa, sitakufundisha mengi, mimi si sista. Nunua kikombe. Ukinunua chupa, nunua na sufuria yake, na kama pesa hazitoshi vyote viwili, anza na sufuria. Titi likiwa gumu na moto usilifiche chini ya sweta, hata daktari akiwa kijana. Na ukiona mtu unayempenda anakosea, sema hata vibaya, sema kwa kigugumizi, lakini sema siku ile ile. Mimi bado nashindwa. Wiki iliyopita tu nilimwacha mwenye duka anipe chenji pungufu.

Tulirudi nyumbani Ijumaa. Mama hakupita nyumbani, alienda moja kwa moja sokoni, akarudi na sufuria mpya ndogo, karatasi bado imebandikwa. Nilikoka jiko. Tulichemsha kikombe na kijiko, tukachemsha maji ya maziwa kando, tukafunika. Saa ilikuwa ukutani. Dani hajui kusoma saa lakini aliiangalia zaidi yangu.

Dakika kumi zikaisha. Nilitoa kikombe kwa mwiko, nikakiegemeza juu ya kitambaa safi. Maji yalikuwa bado ya moto, hayafai kukorogea maziwa ya mtoto. Akoth akaamka na njaa. Alianza polepole, halafu akakaza ngumi, akafungua kinywa chote, akalia mpaka jirani akagonga ukuta.

Mkono wa Dani ulienda kwenye mfuniko wa mtungi. Ulienda wenyewe, nadhani, ni mkono wa miaka sabini. Mimi nikafungua mdomo.

"Dani, hapana," nilisema. "Tungoje yapoe."

Alirudisha mkono mapajani. Tulikaa wawili kwenye mkeka tukiangalia yale maji yakitoa mvuke, na mtoto akilia katikati yetu, uso umelowa machozi, machozi ya kweli, yanashuka mpaka masikioni.

"Mwache alie," Dani akasema. "Nguvu anazo."